Darasa la kichwa chini miguu juu: kuna ticha alishajaribu likakubali?

Chaki_Mfukoni

Wakuu habari za jioni, hasa walimu wenzangu mliomo humu. Naombeni mawazo, nimefika sehemu sijui niendelee au niachane nayo.

Mi ni ticha wa kemia, shule ya kata ya kutwa, fomu thrii mkondo wangu mmoja tu una watoto 78. Juzi kati tulipelekwa semina, mwezeshaji akatuwekea kwenye projekta kitu kinaitwa flipidi klasirumu, yani unalipindua darasa, yale maelezo unayotoaga ubaoni mtoto anayapata nyumbani kwa video au kwa kusoma, afu yale maswali ambayo ungempa akafanye nyumbani ndo mnayafanya darasani wewe ukiwepo. Stafurumu tumeshalibatiza, darasa la kichwa chini miguu juu. Kilichonivuta ni kwamba waliolivumisha ni maticha wa kemia kama mimi, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, shule moja ya Woodland Park huko Colorado, Marekani. Mwaka 2007 walikuwa na watoto wanaokosa vipindi kila mara kwa kusafiri kwenda kwenye michezo, wakaanza kurekodi masomo ili wasipitwe, kumbe hata waliokuwepo darasani nao wakawa wanarudi kuyaangalia. Ndo wakajiuliza, sasa kama maelezo yako kwenye video, mi nasimama pale mbele nafanya nini?

Nikasema ngoja nami nijaribu kwenye mada ya moli, maana hiyo mada kila mwaka inaniulia watoto. Nikarekodi kwa simu usiku, familia imeshalala, mbwa wa jirani tu ndo kanisumbua, dakika 9. Nikaeleza kwa mayai: dazeni ni 12, korja ni 20, trei ni 30, na moli nayo ni hivyo hivyo, ni hesabu ya vitu tu, ila yenyewe ni 6.02 × 10²³ kwa sababu vitu vyenyewe ni vidogo mno. Nikatupia kwenye grupu la wazazi la WhatsApp. Mzazi mmoja akajibu Amina, wanne wakajitoa kwenye grupu, mmoja akaweka tangazo la vitenge chini yake. Kesho yake nauliza nani kaiona, mikono 19. Kati ya 78.

Ikabidi nirudie yote ubaoni. Wale 19 wakawa wanapiga miayo na wale 59 hawakuelewa vizuri maana nilikuwa nakimbiza.

Ila kuna kitu kinanikatalia kuitupa. Binti mmoja kati ya wale 19, ambaye tangu fomu wani sijawahi kusikia sauti yake, akanyoosha mkono, ticha, trei ya mayai ya kuku na trei ya mayai ya kware zote 30, mbona uzito haulingani? Wakuu, miaka 11 niko na chaki, hilo ndo swali lenyewe la moli, kwamba moli moja ya kaboni ni gramu 12, moli moja ya magnesiamu ni gramu 24, na idadi ya atomi ni ile ile. Sijawahi kuulizwa na mtoto. Huwa nalisema mwenyewe afu wanaliandika kwenye daftari kama wanavyoandika tarehe.

Sasa nifanyeje, niendelee na wale 19 au nirudi zangu ubaoni?

---

Mlinzi_wa_Prepo

Mkuu usiache. Mi niko shule ya bweni kanda ya kaskazini, nafundisha fizikia, huu mwaka wa tatu nafanya hivyo, ila sitegemei nyumbani kwa mtu wala bando la mtu. Tuna chumba cha kompyuta, mashine 22 zinazowaka (zipo 30, nane ni mapambo), video nazipakia kwa flashi, hamna intaneti hapo. Saa ya prepo (muda wa kujisomea usiku) wanaingia kwa zamu, watatu kwenye mashine moja, kila mtu na daftari lake.

Faida kubwa mi niliyoiona haikusemwa na mwezeshaji yeyote, ni LUGHA. Mtoto katoka darasa la saba kasoma sayansi kwa Kiswahili, anaingia fomu wani kila kitu Kiingereza, unapoeleza ubaoni sentensi ya kwanza bado anaitafsiri kichwani wewe uko ya tatu. Akiwa na video anasimamisha. Anarudisha. Kuna dogo nilimkuta anarudisha neno moja mara sita, hakuwa mjinga, alikuwa hajasikia kama nimesema "mass" au "moss" lol. Darasani angeninyooshea mkono mara sita? Asingethubutu hata mara moja, wenzake wangemcheka. Na kwenye video nachanganya Kiswahili bila presha, pale mbele ya mdhibiti ubora unajua mwenyewe inabidi uongee kama BBC.

Hasara zipo, nisikudanganye. Kwanza muda wako. Video ya dakika 10 mi inanila masaa mawili na nusu, kuandaa, kurekodi, kukosea, kurekodi tena, na hakuna anayekulipa hayo masaa. Pili, prepo ni usiku, wameshashiba ugali maharage, nusu saa ya kwanza ukiingia ghafla theluthi wamelala macho wazi. Tatu, kuna walimu watafanya video ni kisingizio cha kutoingia darasani, hilo limetokea, sitaki kusema wapi. Wakati siri yenyewe ni kwamba ukipindua darasa ndo unachoka zaidi, maana dakika 80 zote unazunguka madawati huku huyu kakwama hapa yule kakwama pale, hamna cha kukaa kwenye kiti ukisema kopini ubaoni.

---

MamaK_Wawili

Samahanini walimu mi mzazi tu napita, ila hii mada imenigusa kwenye mshono.

Shule ya mwanangu walianza hayo mambo ya video term iliyopita. Nyumbani simu janja ni moja, ya baba yake, na baba yake ni dereva anarudi saa nne usiku akiwa na chaji asilimia 6. Mi nina kitochi. Kwahiyo mtoto anakaa anasubiri simu mpaka saa nne, anaangalia nusu, simu inazima, asubuhi saa kumi na moja niko namwamsha. Siku ambazo simu ipo, namuuliza unafanya nini, "naangalia kipindi cha ticha mama", nikisogea ni watu wanacheza muziki. Bando la wiki linaisha siku mbili. Afu akitoka shule kuna maji ya kuchota, kuna mdogo wake wa kumwangalia mi nikiwa gengeni, sasa hilo darasa la nyumbani liko saa ngapi?

Na swali langu kubwa, msinichukie, kama maelezo mtoto anajipa mwenyewe nyumbani mwalimu shuleni anafanya nini?

---

Kijana_wa_Uswazi

Sisi mbona tulisoma hivyo miaka yote. Ticha wa fizikia alikuwa haingii, tukajifundisha wenyewe nyumbani, tukienda shule ni kupiga stori. Kumbe tulikuwa mbele ya Marekani 😂😂

---

Chaki_Mfukoni

@Kijana_wa_Uswazi umenifanya nicheke kwenye daladala watu wananiangalia.

@MamaK_Wawili mama shikamoo, na wala sikuchukii, swali lako ni halali kabisa. Mwalimu darasani anatakiwa awe na mwanao pale pale anapokwama. Chukulia hesabu za moli, nikieleza ubaoni kila mtu anatingisha kichwa, ndio ticha ndio ticha. Anaenda nyumbani na maswali matano, la kwanza tu linamshinda, na pale nyumbani hamna wa kumuuliza, wewe uko gengeni, baba yuko barabarani. Kesho anakopi kwa rafiki yake asubuhi kabla ya kengele. Yani tunamwacha peke yake kwenye sehemu ngumu na tunakuwa naye kwenye sehemu rahisi. Hiyo ndo logiki yake na mi naikubali.

Lakini la simu ya saa nne usiku limenichoma mama, sitakuficha. Wale 59 wangu nadhani wengi ndo hao wa kwako.

---

Namba_Hazidanganyi

Ngoja niwe yule mtu wa kuharibu sherehe. Niko chuo, nasoma ualimu ngazi ya uzamili, hii kitu nimeisoma sana.

Watu wakiambiwa haifanyi kazi huwa wanasema aah ni umaskini, watoto hawana simu. Sawa. Sasa ichukue upeleke West Point, kile chuo cha kijeshi cha Marekani. Kule wote wanalala bweni, wote wana laptopu, hamna anayechota maji wala kumlea mdogo wake. Watafiti wakagawa madarasa kwa bahati nasibu, wanafunzi zaidi ya 1,300, mengine yamepinduliwa mengine ya kawaida, somo la hesabu na somo la uchumi. Hesabu wakapanda kidogo kwa muda mfupi, uchumi hamna kitu. Na kule kupanda kwa hesabu kukawaendea zaidi wale waliokuwa wazuri tangu mwanzo, wanaume, wazungu. Kufika mwisho, ile faida ya jumla imeyeyuka, ila pengo kati ya waliokuwa juu na waliokuwa chini limebaki limepanuka. Kwa hiyo mkuu, wale 19 wako na wale 59 wako si swala la bando peke yake. Ukimwachia mtu ajifundishe, anayejua kujifundisha anafaidika na asiyejua anazama zaidi, hata umpe laptopu ya dhahabu.

Ila sisemi uache. Ninachosema ni kwamba mnang'ang'ania video wakati video ndo sehemu nyepesi kuliko zote. Angalia Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, tangu 1991 hiyo, YouTube haijazaliwa. Wanafunzi wake walikuwa wanakokotoa maswali magumu vizuri tu, akiwauliza swali dogo la kuelewa wanagonga ukuta. Akawaambia someni kabla ya kuja, darasani akawa anawatupia swali moja lenye majibu ya kuchagua, kila mtu anapiga kura kimya kimya. Wakipata chini ya asilimia 30 anaeleza upya, wakizidi 70 anasonga mbele, wakiwa katikati anasema mgeukie jirani yako mbishane, afu wanapiga kura tena. Kelele darasa zima. Na mara nyingi kura ya pili inakuwa bora kuliko ya kwanza kwa sababu aliyeelewa jana anajua kumweleza mwenzake kuliko profesa aliyeelewa miaka 30 iliyopita.

Hiyo haihitaji hata umeme. Vidole vinatosha.

---

Mlinzi_wa_Prepo

@Namba_Hazidanganyi hapo kwenye vidole nakuunga mkono ila wasiangalie mkono wa mwenzao, mi nawaambia vidole kifuani, siyo juu, la sivyo darasa zima linamfuata yule anayeongozaga mtihani. Niliwahi kumwambia huyo kiongozi achague jibu la uongo makusudi, watoto 40 wakamfuata shimoni.

---

Mwalimu_Magharibi

Hamjambo majirani, mimi niko Kenya, sehemu za Magharibi, day school pia, Chem na Bio. Nimesoma nikaona haya ni yale yale yangu.

Wakati wa korona tulifunga Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Miezi hiyo yote nilituma video na PDF mpaka vidole vikaumwa. Tuliporudi sikuhitaji kuuliza nani alifungua na nani hakufungua, ilionekana tu kwa macho, na hao ambao hawakufungua hawakuwa wazembe, wengine walikuwa wanauza mboga ndio wakule. Tangu hapo video nikaachana nayo. Na shuleni simu ni marufuku kwa mwanafunzi, huko kwenu naona ni hivyo hivyo, sasa unampa kazi ya simu kwa mkono mmoja na unamnyang'anya kwa mkono mwingine.

Nachofanya sasa ni hivi. Ijumaa kipindi cha mwisho, dakika kumi na tano za mwisho, naandika ubaoni nusu ukurasa tu, siyo notisi za mada yote, nusu ukurasa na mfano mmoja uliokokotolewa hadi mwisho, wanakopi. Chini yake maswali mawili rahisi. Hiyo ndiyo "video" yangu. Haihitaji chaji, haihitaji bundles, unaweza kuisoma ukichunga ng'ombe. Jumatatu wakiingia mlangoni hawakai chini kabla ya kuandika jibu la swali moja kwenye kipande cha karatasi, dakika tano, nakusanya, napitisha macho haraka. Waliosoma na ambao hawakusoma najua saa hiyo hiyo. Ambao hawakusoma siwapigi wala siwatukani, naketi nao mbele pale dakika kumi tunasoma huo nusu ukurasa pamoja, wale wengine wanaanza maswali kwa makundi. Mwanzo nilikuwa na thelathini mbele. Wiki ya sita walikuwa kumi na moja. Hawapendi kukaa mbele na mimi ha ha.

Hasara yake: silabasi inabaki nyuma. Hiyo lazima niseme. Term ya kwanza nilibaki nyuma mada moja na nusu na HOD, mkuu wa idara, akaniita. Tukielekea mitihani ya taifa huwa narudia mtindo wa zamani kwa mada zile nyepesi, nazipitia mbio mbio ubaoni, na zile ngumu ndio napindua. Moli, elektrolisisi, kemia ya kaboni, hizo ndio zinafaa. Mambo ya sabuni na kutu, mbona upindue, soma tu uende.

Pia mwambie na wenzako wa masomo mengine. Hapa kwetu mwalimu wa Hesabu aliona, akapenda, naye akaanza, halafu Fizikia naye akaanza, wiki moja watoto wakawa na masomo matatu ya kusoma jioni moja, wakaja kwangu wakasema mwalimu sisi tuna usiku mmoja tu. Tukagawana siku.

---

MamaK_Wawili

Huyu mwalimu wa Kenya angekuwa anafundisha huku kwetu ningempelekea kuku.

---

Chaki_Mfukoni

@Mwalimu_Magharibi kaka umeniokoa. Mi akili yangu yote ilikuwa nitapata wapi projekta, nitapata wapi bando, nilishaanza kupiga hesabu ya fotokopi, shilingi 100 kwa ukurasa mara 78 ni 7,800 kila wiki, mfukoni kwangu haitoki, na ukitaja neno mchango kwa mzazi unaitwa ofisini kabla hujamaliza sentensi. Kumbe ubao ule ule. Niliufanya ubao kuwa adui bure.

Kwahiyo nimeamua hivi, mtanirekebisha. Video naiacha ila siifuti, nitaiweka kwenye memori kadi kwa wale wenye nafasi na kwa waliougua wakakosa. Ijumaa nusu ukurasa wa moli. Jumatatu nina kipindi pacha, dakika 80, naanza na swali moja la vidole, vidole kifuani kama alivyosema Mlinzi. Nimeshaliandaa: una gramu 12 za kaboni na gramu 12 za magnesiamu, wapi kuna atomi nyingi zaidi? Kidole kimoja kaboni, viwili magnesiamu, vitatu sawa sawa. Nakadiria wengi watasema sawa maana wataona 12 na 12. Afu wabishane. Yule binti wa mayai ya kware nitamweka kwenye kundi la wabishi, nione.

Kinachonitisha ni kelele. Ofisi ya mkuu iko ukuta wa pili na yeye darasa likiwa na kelele anajua mwalimu hayupo. Itabidi nimwambie kabla.

@Mwalimu_Magharibi hayo maswali yako mawili mawili ya moli unayo sehemu unitumie?

---

Mwalimu_Magharibi

Yako kwenye daftari, nitapiga picha kesho nikitoka darasani. Andiko langu ni baya, vumilia.

---

MamaK_Wawili

Mwalimu Chaki, hilo la kaboni na magnesiamu nimemuuliza wa kwangu sa hizi anaosha vyombo. Kasema sawa sawa. Jibu ni lipi?

---

Chaki_Mfukoni

Mama usimpe jibu. Mwambie yai la magnesiamu ni zito mara mbili ya yai la kaboni, afu muulize kwa uzito ule ule atapata trei ngapi za kila moja. Akimaliza vyombo.